Berlin Haina Geti, Ina Tiketi

Mtu akirudi kutoka Ujerumani akaulizwa habari za usafiri wa huko, jibu huwa tayari mdomoni: treni zao hazichelewi hata dakika. Sifa hiyo imeshapitwa na wakati. Mwaka 2024, kwa hesabu za shirika la reli la Deutsche Bahn lenyewe, treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na katika hesabu hiyo treni iliyochelewa dakika tano bado inahesabiwa kuwa imewahi. Msifie Mjerumani saa za treni zake leo uone atakavyokuangalia.

Ndani ya miji mambo ni afadhali, ila hata huko saa siyo inayobeba mzigo. Chukua Berlin, mji ninaoufahamu zaidi. Treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya ghorofa vipo katika miji mingi duniani, na kwingine ni vipya na visafi kuliko vya Berlin. Kinachonishangaza mimi ni tiketi. Kile kikaratasi, au siku hizi kile kimraba chenye vidoa kwenye simu, ni matokeo ya wenye treni na wenye mabasi kukalishwa meza moja wakakubaliana namna ya kugawana nauli ya abiria mmoja. Na kikaratasi hichohicho ndicho kinachowapeleka watu gerezani, maana Berlin watu hufungwa kwa kukosa tiketi. Uzuri wa mfumo huu na ubaya wake vimetoka tumbo moja.

Tuanze na uzuri. Tuseme umeshuka stesheni ya Südkreuz, kusini mwa mji, na unakwenda Afrikanische Straße, kaskazini. Unapanda S-Bahn, treni ya mjini ambayo sehemu kubwa ya njia yake iko juu ya ardhi, hadi Friedrichstraße. Hapo unahamia U-Bahn, treni ya chini ya ardhi, njia ya U6. Ukitokea juu na miguu imechoka, unadandia basi kwa vituo viwili vya mwisho. Sasa, S-Bahn ni kampuni tanzu ya Deutsche Bahn, yaani mali ya serikali kuu ya Ujerumani. U-Bahn na basi ni vya BVG, shirika la jimbo la Berlin. Umepanda vyombo vitatu vya mabwana wawili na hakuna aliyekudai mara ya pili. Tiketi ya kawaida ya kanda A na B, yaani mji wote hadi mpaka wake, iliyokuwa euro 3.80 mwaka 2025 ikapanda hadi euro 4 Januari 2026, inakupa saa mbili za kupanda, kushuka na kubadilisha utakavyo, mradi uwe unasonga mbele. Kurudi ulikotoka ni tiketi nyingine.

Nyuma ya urahisi huo kuna chombo kinachoitwa VBB, muungano wa usafiri wa Berlin na jimbo jirani la Brandenburg, ambao nauli yake ya pamoja ilianza kutumika Aprili 1999. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 30,000, kubwa kuliko Rwanda nzima, na ndani yake wamo watoa huduma wapatao 40, kuanzia BVG yenye maelfu ya wafanyakazi hadi vikampuni vya mabasi vya wilaya za mashambani. Kila mmoja anabaki na treni zake, madereva wake na madeni yake. Tiketi peke yake ndiyo ya wote. Fedha zinaingia, zinagawanywa kwa kanuni walizokubaliana, na wanagombana kweli juu ya kanuni hizo, lakini wanagombania ofisini. Abiria hayumo. Hamburg ndiyo iliyoonyesha njia mwaka 1965, ilipoanzisha muungano unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani, na miji mingine ya Ujerumani ikafuata mmoja baada ya mwingine.

Berlin ilikuwa na mbegu yake hata kabla ya hapo. Katika miaka ya 1920 mji ulikuwa na tramu za huyu, mabasi ya yule, na reli ya chini ya ardhi ya kampuni ya tatu, na kila mmoja alikuwa na nauli yake. Ernst Reuter, diwani aliyekabidhiwa masuala ya usafiri, alifanya jambo lililoonekana dogo: mwaka 1927 akaleta nauli moja ya pfenigi 20, senti za Kijerumani za wakati ule, yenye ruhusa ya kubadilisha chombo. Shirika la pamoja, BVG, lilianza kazi Januari 1929, karibu miaka miwili baadaye. Angalia mpangilio huo. Tiketi ilitangulia, kampuni ikafuata. Watu wengi wanaopanga usafiri wa miji huanza kwa kununua mabasi na kumwaga zege, halafu swali la nani atapata senti ngapi kwenye nauli ya abiria mmoja huachwa hadi siku ya uzinduzi. Reuter mwenyewe baadaye aliwekwa kambini na Wanazi, akakimbilia Uturuki, akarudi na kuwa meya wa Berlin Magharibi wakati Wasovieti walipouzingira mji mwaka 1948 na 1949. Ulimwengu unamkumbuka kwa hilo la pili. Mimi kila nikihamia chombo kingine bila kutoa pochi namkumbuka kwa hizo pfenigi 20.

Ukitaka kuona tiketi ilivyo siasa, tazama kilichotokea baada ya Ujerumani Mashariki ya kikomunisti kujenga ukuta wa kuigawa Berlin Agosti 1961. Kwa mpango uliobaki tangu mwisho wa vita, S-Bahn ya mji mzima, hata upande wa Magharibi, iliendeshwa na shirika la reli la Ujerumani Mashariki. Kwa hiyo mkazi wa Berlin Magharibi akinunua tiketi ya S-Bahn, fedha yake ilikwenda kwa serikali iliyokuwa imemfungia ndugu yake nyuma ya ukuta. Vyama vya wafanyakazi na wanasiasa wakawaambia watu wasipande, kwamba nauli hiyo inalipia seng'enge. Watu wakasusa. Mabasi yakapangwa sambamba na reli, njia mpya za U-Bahn zikachimbwa mahali ambapo S-Bahn tayari ilikuwa inapita, na treni nzima zikawa zinatembea karibu tupu huku barabara iliyo pembeni imejaa mabasi. Hali hiyo ilikwenda hivyo kwa zaidi ya miaka 20, hadi Januari 1984 BVG ya Magharibi ilipokabidhiwa S-Bahn ya upande wake. Reli ya mzunguko, ile Ringbahn ya kilomita 37 inayozunguka mji kwa saa moja, haikuunganika tena kikamilifu hadi mwaka 2002.

Upande wa Mashariki nako nauli iliganda palepale pfenigi 20 kwa miongo, ikawa sehemu ya fahari ya serikali. Huko tramu zilibaki. Magharibi waliona tramu ni mambo ya kale, wakaifuta ya mwisho mwaka 1967. Fungua ramani ya tramu za Berlin leo: mtandao umejaa mashariki, na magharibi zinaingia njia chache tu, kama M10 iliyosogezwa hadi Turmstraße mwaka 2023. Ukuta uliondoka miaka mingi iliyopita, lakini asiyewahi kuuona anaweza kuuchora kwa kufuata mahali reli za tramu zinapokoma.

Na ile njia ya U6 niliyoitaja ilikuwa na kisa chake. Ncha zake zote mbili zilikuwa Magharibi, ila katikati ilipita chini ya Mashariki. Treni za Magharibi zilipunguza mwendo zikipita stesheni zenye taa hafifu na walinzi gizani, bila kusimama isipokuwa Friedrichstraße, na Magharibi waliilipa Mashariki kila mwaka kwa kupitisha treni zao.

Msomaji wa Tanzania anayo sababu yake ya kuipanda njia hiyo. Vituo viwili kaskazini mwa Friedrichstraße kuna stesheni ya Naturkundemuseum, na hatua chache kutoka hapo amesimama yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliyechimbuliwa Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa yake ikabebwa na wapagazi hadi pwani. Endelea kaskazini hadi Rehberge au Afrikanische Straße, utatokea kwenye mtaa wenye Sansibarstraße, Ugandastraße na Usambarastraße. Barabara iliyopewa jina la Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, mwaka 1939 iligawanywa mwaka 2024, na kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Ilihitaji miaka ya kelele za wanaharakati, Waafrika wa Berlin wakiwa mstari wa mbele, na kesi za wakazi waliopinga. Tiketi ni ileile ya euro 4.

Sasa geti. Mgeni anayeingia stesheni ya U-Bahn kwa mara ya kwanza hutafuta mahali pa kugusisha kadi na hapaoni. Ngazi zinaanzia kando ya barabara, wakati mwingine katikati kabisa, na baada ya ngazi ishirini na kitu uko kwenye jukwaa na treni inafungua milango. Hakuna konda, hakuna geti, hakuna askari. Wengi huona hiyo ni imani ya Wajerumani kwa raia wao. Mimi naona zaidi mchanga na maji. Berlin imekaa juu ya mchanga wenye maji karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo wahandisi wa mwanzoni, ambao njia yao ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1902, walipoingia ardhini walichimba juujuu tu, chini kidogo ya lami. Stesheni nyingi hazina ukumbi wa kati ambamo ungeweza kupanga mageti. Zamani walikuwapo watumishi wa kutoboa tiketi mlangoni. Mishahara ilipopanda wakaondolewa, kazi yao akapewa abiria mwenyewe. Tena geti la stesheni lisingesaidia lolote kwa tramu inayosimama barabarani.

Kwa hiyo geti lipo. Limehamishiwa mfukoni mwako. Konda wa daladala atakutingishia sarafu sikioni hadi ulipe, na ukikosea nauli atakuambia, tena kwa sauti. Berlin hakuna anayekuambia kitu hadi umeshakosea. Wajibu wote wa kujua ni wako: tiketi ipi, kanda zipi, imeanza saa ngapi, inakwenda upande gani, imegongwa au haijagongwa.

Kugonga ndiko kunakowaumiza wageni zaidi. Ukinunua tiketi ya karatasi kwenye mashine ya jukwaani, kwa kawaida bado si tiketi halali. Lazima uichomeke kwenye kisanduku kidogo kilichosimama hatua chache pembeni, kisikike kikitoa mlio, kichape saa na jina la stesheni. Kisanduku hicho hakina maelezo ya kutosha na watu hukiegemea kama nguzo. Asiyejua anapanda na tiketi aliyoilipia kwa fedha halali, na kwa macho ya kanuni hajalipa. Ya kwenye simu haina shida ya kugongwa, ila lazima iwe imenunuliwa kabla ya kuingia. Ukiinunua wakati mkaguzi ameshaanza kazi behewani, saa iliyoandikwa juu yake inakushtaki.

Mtego mwingine uko uwanja wa ndege. Uwanja wa BER, uliofunguliwa Oktoba 2020 baada ya kuahirishwa mara nyingi hadi ukawa kichekesho cha taifa, uko nje ya mpaka wa mji, katika kanda C. Tiketi ambayo kila mtu anaitaja, ya A na B, haifiki huko. Kwa maneno mengine, safari ya kwanza kabisa ya mgeni, akiwa na mabegi, usingizi na simu isiyo na intaneti, ndiyo safari inayohitaji tiketi tofauti na ile aliyoambiwa na binamu yake. Yeyote aliyechora mipaka ya kanda hakufanya hila, kanda zilikuwapo kabla ya uwanja. Lakini mashine za pale zingeweza kuanza kwa kumwonyesha mtu tiketi ya A, B na C kwa herufi kubwa, na anayetaka nyingine aitafute.

Ukaguzi wenyewe unakwenda hivi. Milango ya U-Bahn inafungwa kwa mlio, treni inaondoka, na watu wawili waliokuwa wamesimama kama abiria wengine, koti la kawaida, viatu vya raba, mmoja pengine alikuwa anatazama simu, wanatoa vitambulisho vinavyoning'inia shingoni. Mmoja anaanzia mwisho huu wa behewa, mwenzake mwisho ule. "Die Fahrscheine, bitte." Tiketi, tafadhali. Watu hawanyanyui hata kichwa, wanainua tu simu au kadi. Kisoma kadi kinatoa mlio, wa pili, wa tatu. Kisha kinanyamaza kwa mtu mmoja, na behewa zima linajua. Treni ikisimama, huyo anashushwa jukwaani, anaombwa kitambulisho, anaandikiwa. Euro 60. Aliye na tiketi ya mwezi yenye jina lake lakini ameisahau nyumbani anaweza kuionyesha baadaye akalipa euro 7 tu. Kwa mwingine yeyote, "sikujua" haifungui mlango.

Nimeona ukaguzi wa heshima kabisa, nimeona na wa kibabe. Kazi hiyo mara nyingi hupewa kampuni za nje, na malalamiko kwamba abiria weusi hutazamwa mara mbili na kushikwa mkono mahali ambapo wengine huulizwa kwa maneno yamesikika Berlin kwa miaka. Mfumo usio na geti unasema unamwamini kila mtu sawa. Dakika ya ukaguzi ndiyo inayoonyesha imani hiyo imegawanywaje.

Na hiyo euro 60 ni ya kampuni tu, ni adhabu ya mkataba. Juu yake ipo sheria ya jinai. Kifungu cha 265a kinampa mtu anayesafiri bila kulipa faini ya mahakama au kifungo hadi mwaka mmoja. Kiliingia kwenye sheria mwaka 1935, chini ya utawala wa Hitler, na hakijaondoka. Kampuni za usafiri huwashtaki hasa wanaokamatwa mara kwa mara. Mahakama karibu kila mara hutoa faini, ikihesabiwa kwa viwango vya siku kulingana na kipato. Asiyeweza kulipa huitumikia gerezani. Hadi Januari 2024 kiwango kimoja kilikuwa siku moja ya kifungo. Tangu Februari mwaka huo viwili ni siku moja, yaani vifungo vilikatwa nusu. Katika gereza la Plötzensee, Berlin, wamekuwamo watu wa namna hiyo miaka yote: wasio na makazi, wenye ulevi, wenye maradhi ya akili, watu ambao barua ya mahakama haikuwafikia au iliwafikia hawakuifungua.

Hesabu yake haina kichwa wala miguu. Kumlaza mtu mmoja gerezani kunaigharimu serikali zaidi ya euro 100 kwa siku, ili kumwadhibu kwa tiketi ya euro 4. Mwandishi na mwanaharakati Arne Semsrott alianzisha mwishoni mwa 2021 mfuko unaoitwa Freiheitsfonds, ambao unafanya jambo moja tu: unachangisha fedha, unawalipia wafungwa wa nauli faini zilizobaki, wanatoka. Umeshawatoa zaidi ya elfu moja. Kuna magereza ambayo yenyewe hupeleka majina kwenye mfuko huo, jambo linaloeleza vya kutosha wakuu wa magereza wanavyoiona sheria hii. Düsseldorf, Köln na Bremen zimeamua mashirika yao ya usafiri yasipeleke tena watu mahakamani kwa kosa hili. Mwaka 2023 wizara ya sheria ya serikali kuu ilipendekeza lishushwe liwe kosa dogo, kama kuegesha gari vibaya. Serikali iliyokuwa na wazo hilo ikasambaratika Novemba 2024 na kifungu kikabaki.

Wapo wanaosema dawa ni mageti. Siungi mkono. Mageti katika stesheni 175 za U-Bahn yangemeza fedha ambazo mabehewa yanazihitaji zaidi. Njia hiyohiyo ya U6 ilifungwa kipande chake cha kaskazini tangu Novemba 2022 ili kujengwa upya, na abiria wakahamishiwa kwenye mabasi ya mbadala kwa zaidi ya miaka miwili. BVG ina uhaba wa madereva na mabehewa, na mwanzoni mwa 2025 migomo ilisimamisha mji mara kadhaa. Geti halimleti dereva.

Kinachopunguza wasiolipa ni bei, na hilo Ujerumani ililiona kwa macho. Kuanzia Juni hadi Agosti 2022, nishati ilipopanda kwa vita vya Ukraine, serikali ilitoa tiketi ya euro 9 kwa mwezi, nchi nzima, kila treni ya mkoa, kila tramu, kila basi. Ziliuzwa takribani milioni 52. Treni za kwenda pwani zilijaa hadi baiskeli zikakataliwa. Muhimu zaidi, kwa miezi mitatu hakuna aliyehitaji kujua kanda ni nini. Ule mzigo wa kujua, ambao ndio geti lenyewe, uliondolewa kwa tangazo moja.

Mrithi wake ni Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49. Kwa maoni yangu ndiyo hatua kubwa kabisa tangu Hamburg ya 1965, kwa sababu muungano wa kila mji umeunganishwa na mwingine: mwenye tiketi hiyo anatoka Berlin kwa treni ya mkoa, anashuka Leipzig, anapanda tramu ya huko bila kusoma ubao wowote wa nauli. Treni za masafa marefu, kama ICE na IC, ndizo hazimo. Serikali kuu na majimbo wanachangia euro bilioni 1.5 kila upande kwa mwaka, na kila mwaka wanavutana kama watu waliosahau kwamba walikubaliana. Bei ikapanda hadi euro 58 Januari 2025, kisha 63 Januari 2026, na kuanzia 2027 imepangwa ifuate mwenendo wa gharama.

Lakini tazama ni nani anayeipata. Deutschlandticket ni mkataba wa kila mwezi. Kwa kawaida inakatwa kwenye akaunti ya benki, na usipoivunja kabla ya tarehe 10 inaendelea mwezi unaofuata. Mwenye ajira, anwani na akaunti anatembea nchi nzima kwa euro mbili na kitu kwa siku. Aliyefika wiki jana, ambaye benki inamtaka anwani na mwenye nyumba anamtaka benki, ananunua tiketi mojamoja za euro 4, kwenda na kurudi euro 8. Asiye na makazi hana hata pa kuanzia. Berlin ina tiketi ya bei nafuu kwa wanaopata msaada wa serikali, nayo ilipandishwa Aprili 2025 kutoka euro 9 hadi 19. Kadiri mtu anavyokuwa mgeni au fukara, ndivyo safari moja inavyomgharimu zaidi na ndivyo anavyokuwa karibu zaidi na lile jukwaa la kuandikiwa.

Hili si jambo la mbali kwetu. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, na vijana wanaokwenda kusomea uuguzi au kuendesha mabasi yaleyale yanayokosa madereva watapita hatua hiyo ya wiki za kwanza, kabla ya akaunti. Mwajiri anayewaleta anaweza kuwakatia Deutschlandticket ya kazini tangu siku ya kwanza. Ipo, ina punguzo, na anayesaini mkataba ana haki ya kuulizia kabla hajapanda ndege.

Mabadiliko ninayoyataka mimi ni machache na hayahitaji handaki jipya. Kifungu cha 265a kiondolewe kwa upande wa nauli. Euro 60 zinatosha, na anayekwepa kwa makusudi atazilipa mara nyingi hadi achoke. Visanduku vya kugongea viondoke, mashine ichape saa yenyewe kama zile za ndani ya tramu zinavyofanya. Na Deutschlandticket iuzwe dirishani kwa fedha taslimu, mwezi kwa mwezi, kwa mtu yeyote mwenye kitambulisho. Wanaopinga hilo la mwisho wanasema mkataba unahakikisha mapato ya kudumu. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa tiketi hiyo haiwafikii watu ambao mapato yao wenyewe si ya kudumu.